Ganzi ya sukari miguuni: mama afanye mazoezi gani nyumbani?

Swali: Assalaam alaykum mtaalamu. Niko Wete, Pemba. Mama yangu ana umri wa miaka 61 na ana sukari, huu mwaka wa 12. Anatumia metformini na glibenklamidi. Tangu mwaka jana analalamika miguu imekufa ganzi, usiku inamwaka moto, na akitembea anasema ni kama anakanyaga sufi. Mwezi uliopita alijikwaa kwenye kizingiti cha mlango wa uwani akaanguka, alhamdulillahi hakuvunjika. Tangu siku hiyo majirani wanamwambia atulie, asiichoshe miguu, naye anashinda amekaa mkekani. Kliniki aliambiwa afanye mazoezi lakini hakuonyeshwa yepi, na hatuna vyombo vyovyote vya mazoezi. Je, afanye au apumzike? Na hiyo ganzi itaondoka?

Jibu: Waalaykum salaam dada yangu. Mpe mama pole yangu kwa kuanguka. Kazi yangu ni fiziotherapia, na swali hili nalisikia mno kutoka kwa watoto wa wagonjwa, kwa hiyo niwie radhi nikilijibu kwa kirefu.

Afanye mazoezi, na aanze wiki hii, maadamu hana kidonda, lengelenge wala uvimbe miguuni. Kushinda mkekani ndiko kutakakomwangusha tena, kwa sababu misuli isiyotumika inanywea haraka, hasa kwa mtu wa umri wake. Kuhusu ganzi nitakwambia ukweli: iliyokwisha ingia mara nyingi haiondoki yote. Sukari ikishuka na ikatulia, uharibifu unapungua kasi, na wapo ambao ule moto wa usiku unawapungua. Lakini nguvu za miguu na mizani ya mwili vinarudi, na hivyo ndivyo vinavyomzuia mtu asianguke.

Mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye vidole vya miguu ndiyo mirefu kuliko yote mwilini, inatoka kiunoni mpaka ncha ya kidole, karibu mita nzima. Sukari ikikaa juu kwa miaka, inauumiza mshipa wenyewe na inaharibu vijishipa vidogo vya damu vinavyoulisha. Mrefu ndio unaoumia mwanzo. Ndiyo maana ganzi ya sukari huanza vidoleni, ikaenea nyayo, ikapanda vifundoni, na ikikaribia magoti ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Mishipa mifupi, ile inayokwenda mapajani na makalioni, kwa kawaida bado mizima. Mazoezi nitakayokueleza yanategemea sana jambo hili: tunaipa kazi zaidi misuli ambayo bado inapata amri vizuri, ili iibebe ile ya chini iliyodhoofu.

Na kwa nini anayumba? Mwili unajua umesimamaje kwa njia tatu: macho, sikio la ndani, na habari zinazotoka kwenye nyayo na viungo vya miguu. Hii ya tatu kwa mama imepungua, kwa hiyo macho yanafanya kazi ya ziada. Mwulize kama anayumba akifumba macho kunawa uso wakati wa kutawadha, au umeme ukikatika usiku akiwa njiani kwenda msalani. Nadhani atasema ndiyo. Basi atawadhe amekaa, na taa ndogo au tochi iwe karibu na kitanda chake kila usiku. Na hicho kizingiti kipakeni rangi nyeupe ili akione.

Kabla ya zoezi lolote, angalieni miguu. Mtu mwenye ganzi anaweza kutembea kutwa nzima na mwiba unyayoni bila habari. Maumivu yaliyokuwa yakimwonya hayapo tena. Sisi tuna fursa ambayo wengi hawana: mama anaosha miguu yake mara tano kwa siku. Udhu mmojawapo, wa alfajiri au wa alasiri, uwe ndio wa ukaguzi. Baada ya kuosha, wewe au mjukuu mwenye macho mazuri tazameni nyayo, visigino na baina ya vidole, mkitafuta wekundu, mpasuko, lengelenge au sugu mpya. Kisha mkaushe baina ya vidole kwa kitambaa kikavu, kwani maji yanayobaki pale yanalainisha ngozi na kuleta fangasi na mipasuko. Tazameni pia kile kifupa cha nje cha kifundo cha mguu, na mgongo wa unyayo anaoukalia katika tahiyatu. Wazee wengi wana sugu nyeusi hapo kwa sababu ya sala na kukaa mkekani. Sugu hiyo kwa mtu asiye na ganzi haina neno, ila kwa mwenye ganzi inaweza kuoza chini yake pasipo kuonekana. Anunue msala mnene au mkunje blanketi chini yake. Na asikae amekunja miguu saa nyingi, kwani pale ubavuni mwa goti kwa nje kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu sana na mfupa, na wenye sukari mshipa huo hubanwa upesi.

Kuna kipimo cha hisia kinachoweza kufanyika nyumbani, kimebuniwa Ipswich, Uingereza. Mama alale chali, afumbe macho. Wewe umguse kwa ncha ya kidole chako, wepesi kabisa, sekunde 1 au 2, bila kusukuma wala kupapasa: kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto. Kila anapohisi aseme "kulia" au "kushoto". Ni sehemu 6. Akikosa 2 au zaidi, kinga ya hisia imepungua, na kliniki wanatakiwa wajue. Kwa ulivyoeleza, sitashangaa akikosa zote, na hilo halimzuii kufanya mazoezi. Linaamua tu ni yapi ayafanye amekaa na yapi amesimama.

Sasa dawa zake. Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari mpaka hatarini, lakini glibenklamidi inaweza, na mazoezi yanaongezea. Kama mna mashine, apime kabla. Ikisoma chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), ale kitu kwanza, ndizi mbivu moja au kipande cha mkate, asubiri kidogo ndipo aanze. Akitoka jasho jembamba, akatetemeka, akashikwa na njaa ya ghafla au akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, aache palepale. Mpe vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari ndani ya maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida, na mpime tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali. Upande wa pili, ikisoma zaidi ya 16 kwa kipimo hichohicho naye ana kiu kali, anatapika au hana nguvu, siku hiyo hakuna mazoezi, ni kwenda kuonana na daktari.

Wakati ninaoupenda ni baada ya chakula, nusu saa hadi saa moja, kwa sababu ndipo sukari inapopanda na ndipo misuli inayofanya kazi inapoinyonya. Asifanye na njaa kabla ya chakula cha mchana, na asifanye jua la saa saba.

Tuje kwenye mazoezi yenyewe. Vile viti vyeupe vya plastiki vya harusini viacheni. Ni vyepesi, vinateleza kwenye sakafu, na mtu mwenye ganzi akiegemea kinaondoka naye. Tafuta kiti cha mbao kizito, kimo chake akikaa nyayo ziguse chini zote na magoti yawe yamekunjika sawasawa, kisha mgongo wa kiti uuegemeze ukutani.

Akae wima, avute nyayo juu vidole vimwelekee, halafu ashushe vidole na kunyanyua visigino, kama anayekanyaga cherehani. Mara 20, polepole. Kisha anyanyue mguu mmoja kidogo, azungushe kifundo mara 10 upande huu na 10 upande ule, abadilishe mguu. Baada ya hapo mtandikie khanga kuukuu sakafuni. Pitisha mkono wako juu yake kwanza, usikute pini iliyosahauliwa kwenye upindo. Aweke nyayo juu ya khanga na aivute kwa kuikunja na vidole vya miguu, kidogo kidogo, mpaka ncha ya pili imfikie. Siku za mwanzo vidole vinaweza kukataa kabisa. Mwambie avitazame huku anajaribu. Macho yanasaidia ubongo kuipata tena njia ya kutuma amri. Hata vikitikisika tu, ni kazi imefanyika. Haya ya kiti ayafanye kila siku, na hata mtu mwenye kidonda unyayoni anaweza kupewa baadhi yake na mtaalamu wake.

Zoezi linalofuata ndilo ningebaki nalo kama ningeruhusiwa moja tu: kukaa na kusimama. Mama asogee mbele ya kiti, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame. Wengi wanashindwa kwa sababu wanajaribu kusimama mgongo ukiwa wima, uzito wote uko nyuma. Akishindwa, asukume kwa mikono kwenye mapaja, au ongezeni mto juu ya kiti kukiinua. Akishasimama, avute pumzi moja, kisha akae akihesabu moja mpaka nne, asijibwage. Kule kushuka taratibu ndiko kunakojenga. Aanze na 5, apumzike, 5 tena. Kila wiki aongeze moja au mbili mpaka 10 kwa mizunguko 2. Mapaja na makalio ndiyo misuli mikubwa kuliko yote, ndiyo inayonyonya sukari nyingi, na kama nilivyosema, mishipa yake bado ina uhai. Asizuie pumzi wakati wa kusimama. Hasa kama amewahi kuambiwa macho yake yamevuja damu kwa sukari, kujikaza na kuzuia pumzi ni hatari kwake, na daktari wa macho aulizwe kabla ya yote.

Yaliyobaki ni ya kusimama, na yote avae viatu. Ashike nondo za dirisha au kingo ya meza nzito kwa mikono miwili, anyanyue visigino vyote viwili, ashushe polepole, mara 8 hadi 10. Hapa pana tahadhari moja: zoezi hili linaurundika uzito mbele ya unyayo, chini ya kidole gumba, na hapo ndipo vidonda vya sukari vinapopenda kutokea. Kama ana sugu nene hapo au aliwahi kupata kidonda, alifanye akiwa amekaa. Kisha ageuke, mgongo auegemeze ukutani, visigino viwe mbele ya ukuta kidogo, anyanyue vidole na nyayo za mbele huku visigino vimebaki chini. Mara 10. Hili linaujenga msuli wa mbele ya muundi, ambao ukichoka mguu unaburura, na mguu unaoburura ndio unaonasa kizingitini.

Asisahau kunyoosha. Mikono ukutani, mguu mmoja nyuma umenyooka, kisigino kimegusa chini, goti la mbele likunjwe mpaka ahisi mvuto kwenye shavu la mguu wa nyuma. Kwa kuwa hisia zake za kifundo hazitegemewi, asivute mpaka mwisho. Sekunde 30, mara 3 kila mguu. Sukari ya muda mrefu inaukakamaza mwili, kifundo hakikunjiki vizuri, na kifundo kigumu kinaongeza shinikizo mbele ya unyayo kila hatua.

Mizani ya mwili afundishwe kwenye pembe ya chumba. Mgongo uelekee pembe, kuta mbili zimemkinga nyuma, na kile kiti kizito mbele yake cha kukishika. Wewe uwe karibu. Asimame nyayo zimeungana, sekunde 30, mikono iguse kiti kidogo tu. Akiweza bila kuyumba kwa siku kadhaa, mguu mmoja utangulie nusu unyayo mbele ya mwingine. Baadaye kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mwingine kwenye mstari. Mwisho, na huko pengine ni baada ya miezi, mguu mmoja. Asifumbe macho katika lolote kati ya haya. Dakika 5 kwa siku zinatosha, ila za kila siku. Ya ukutani na lile la kukaa na kusimama afanye siku 3 za wiki, akiruka siku moja katikati. Kwa kawaida mabadiliko ya kutembea na kusimama huanza kuonekana baina ya wiki ya 6 na ya 12. Kabla ya hapo msikate tamaa.

Kisha kutembea. Zamani tulikuwa tukiwaonya wenye ganzi wasitembee sana, tukiogopa vidonda. Sasa inajulikana kuwa mtu asiye na kidonda, mwenye viatu vizuri na anayekagua miguu, anaweza kutembea kwa usalama. Aanze dakika 5 hadi 10 baada ya chakula, mahali tambarare; Wete kwenu ina miinuko, basi mchague kipande kilichonyooka, hata kama ni kwenda na kurudi mbele ya nyumba. Lengo la mbali ni dakika 150 kwa wiki, zikigawanywa vipande vipande, bila kupitisha siku 2 mfululizo pasipo kitu.

Viatu: kandambili hapana. Kile kikamba cha baina ya vidole kinakwaruza, na mwenye ganzi kinamvuka bila kujua. Makubadhi nayo yana shida hiyohiyo. Raba nzuri ya mtumba, pana mbele, yenye soli nene na ya kufunga, inamfaa zaidi. Mnunue alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, na aivae na soksi ya pamba. Kila anapovaa, kwanza mkono uingie ndani utafute jiwe, msumari uliochomoza au mshono uliokatika. Msimu wa karafuu, asipite peku uwani palipoanikwa, wala kwenye mchanga wa mchana.

Majirani watakuja na shauri jingine baada ya hili la kutulia: kumkanda kwa maji moto, au kumwekea kigae cha makaa miguuni ili "damu itembee". Tafadhali simama imara hapo, kwa adabu. Nimeona nyayo zilizobabuka ngozi nzima na mwenyewe anasema alihisi uvuguvugu tu. Maji ya kumwosha uyapime wewe kwa kiwiko chako, si yeye.

Akiamka asubuhi asinyanyuke mara moja. Akae ukingoni mwa kitanda, akanyage ile cherehani mara 10, ndipo asimame. Sukari inaweza kugusa pia mishipa inayoongoza moyo na presha, na dalili yake mojawapo ni kuona giza kila anaposimama. Akiwa nayo, au moyo unamwenda mbio hata akiwa ametulia, au anapata maumivu ya kifua au pumzi fupi, aonwe na daktari kwanza, abaki na mazoezi ya kiti.

Ramadhani, kama daktari amemruhusu kufunga, mazoezi yahamie baada ya futari. Alasiri ya funga ndipo sukari inapokuwa chini kabisa. Siku atakazosali tarawehe ahesabu kuwa amefanya zoezi. Kusimama, kurukuu na kusujudu usiku mzima si kazi ndogo. Ikiwa kuinuka kutoka sijda kunamyumbisha, aweke kiti karibu cha kushika.

Aache mazoezi ya kusimama na mwende hospitali siku hiyohiyo mkiona kidonda au lengelenge hata dogo, ngozi iliyogeuka nyeusi, harufu, au unyayo mmoja uliovimba, mwekundu na wa moto kuliko mwenzake. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu mara nyingi haliumi, na watu wanalifikiri ni kuteguka. Huenda mifupa ya unyayo inavunjikavunjika ndani, na kila hatua anayopiga inaiharibu zaidi. Asiukanyage mguu huo mpaka aonwe. Vilevile akipata maumivu ya shavu la mguu kila akitembea na yanaondoka akisimama, hiyo ni ishara ya mishipa ya damu kuziba, waambieni kliniki.

Mkienda kliniki mara nyingine, chukueni matokeo ya kile kipimo cha vidole 6, na ombeni mambo matatu. Waelezeni kuwa anatumia metformini kwa miaka mingi, waangalie kama anahitaji kupimwa vitamini B12. Dawa hiyo huipunguza kwa baadhi ya watu, na upungufu wake nao unaleta ganzi, lakini huu unatibika. Waulizeni kuhusu dawa ya ule moto wa usiku kama unamnyima usingizi. Wakimwandikia amitriptilini, mjue inaweza kumtia kizunguzungu anaposimama, hivyo wiki za mwanzo asiende msalani usiku peke yake. Na ombeni apelekwe kitengo cha fiziotherapia, ili kuna mtu amwone anavyosimama na kutembea kwa macho yake na aamue lini apande daraja la zoezi linalofuata.